Meli Iliyozama Kwenye Senema Ikatia Nanga Kasanga

Ndugu msomaji, waulize watu wa nyumbani kwako jioni moja, mkiwa mmekwisha kula, ni kipande gani cha picha ya senema ambacho hakijawatoka kichwani mpaka leo. Utastaajabu kuona jinsi majibu yanavyotoka upesi. Wazee wengi watataja mwisho wa Mother India, picha ya mwaka 1957, pale mama aliyewalea wanawe kwa taabu isiyosemeka anapoinua bunduki na kumpiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, kwa kuwa amemteka binti wa kijiji siku ya arusi yake. Waliokuwa vijana baadaye watataja Sholay ya mwaka 1975, na ile sarafu ya Jai yenye sura moja pande zote mbili, ambayo rafiki yake anakuja kuitambua siri yake wakati Jai amekwisha kufa. Na wale walioketi chini, mbele ya shuka jeupe lililotundikwa na watu wa gari la senema, watakuambia hawakumbuki hata jina la picha. Wanachokumbuka ni mbu, vumbi, na mashine ikikatika pale pale steringi anapokaribia kumtia adui mkononi.

Lakini kwa mkazi wa Sumbawanga, na kwa Mfipa yeyote aliyepata kuteremka kutoka nyanda za juu hadi ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kuna kipande kimoja ambacho kingestahili kukumbukwa kuliko vyote, maana kinahusu meli aliyoweza kuipanda kwa miguu yake mwenyewe. Hicho ni kipande cha mwisho cha The African Queen, picha iliyotengenezwa na John Huston mwaka 1951, baadhi yake ikipigwa Uganda na Kongo.

Wasioijua habari yake ni hivi. Ni mwaka 1914, vita vimefika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Bibi mmoja wa misheni, Rose, na fundi mlevi wa mashua, Charlie, wanateremka mtoni kwa mashua kuukuu iitwayo African Queen. Katikati ya matete Charlie anaingia majini kuivuta mashua kwa kamba, anatoka mwili mzima umeshikwa na ruba, anatetemeka kwa kinyaa. Kisha, kwa kuwa mashua haina budi kusogea, anarudi majini mle mle. Kwa maoni yangu hapo ndipo Humphrey Bogart alipoipata ile tuzo yake ya Oscar. Hatimaye wanafika ziwani, wanatia baruti katika mitungi ya gesi na kuichomeka ubavuni mwa mashua ili waizamishe meli ya Kijerumani, Louisa. Dhoruba inawazamisha wao kwanza. Wanakamatwa, wanahukumiwa kunyongwa, vitanzi vimekwisha kuvishwa shingoni, ndipo Charlie anapoomba nahodha awafungishe ndoa kabla ya kufa. Nahodha anakubali. Maneno ya arusi hayajapoa, Louisa inakwenda kuigonga African Queen iliyopinduka, mitungi inalipuka, na maarusi wanaogelea kwa furaha.

Kipande hicho ni kitamu, na watoto wataomba kirudiwe. Mzazi lakini asiache kuwaonyesha kipande cha kwanza pia. Picha inaanza kanisani, Waafrika wakiimba wimbo wasiouelewa, sauti zikigongana ovyo. Nje, Charlie anatupa kipande cha sigara, na watu wazima wanakigombania mavumbini. Punde kijiji kinachomwa moto na wenyeji wanaswagwa. Baada ya hapo picha haina haja nao tena. Moto umewaka ili Wazungu wawili wapate safari.

Sasa tutazame mambo yenyewe yalivyokuwa. Meli iliyompa mwandishi C. S. Forester wazo la hadithi hiyo iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliungwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Hakuna mashua iliyoizamisha. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi baada ya hapo iliwachukua abiria na magunia ya dagaa hadi Kasanga na Mpulungu.

Na mashua za vita zilikuwako kweli, mbili, Mimi na Toutou. Waingereza walizitoa kwao hadi Afrika ya Kusini, kisha wakazipitisha Kongo, juu ya milima ya Mitumba, zikivutwa na magari ya mvuke, ng'ombe na mamia ya vibarua waliokata njia na kujenga madaraja. Magari yale yalikuwa na kiu isiyokwisha, na maji hayakuwapo karibu. Ikabidi wanawake wa vijiji vya jirani waajiriwe kuyabeba vichwani. Hebu fikiri mstari huo wa kina mama na mitungi yao, wakiunywesha mtambo wa vita vya wengine! Kipande hicho hakimo katika The African Queen.

Si kwamba hapakuwa na mtu wetu wa kukicheza. Mwaka ule ule picha hiyo ilipokuwa mpya duniani, Tanganyika ilikuwa inapata steringi wake. Katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam na kukutana na ulaghai wa mjini, na aliyeigiza nafasi hiyo ni Rashidi Mfaume Kawawa, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya ustawi wa jamii. Picha ilikuwa ya wakoloni, na kicheko chake kilimwelekea zaidi mtu wa shamba. Hata hivyo Mwafrika alikuwa katikati ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, akisema Kiswahili. Mwaka 1955 Kawawa akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 Waziri Mkuu.

Kwa Ufipa kimebaki kipande kingine ambacho sijakiona katika picha yoyote. Kasanga, iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka Sumbawanga, Wajerumani waliiita Bismarckburg na kujenga boma juu ya ziwa. Juni 1916 mashua za Waingereza zilifika mbele ya boma hilo kusaidia jeshi lililokuwa likija kwa nchi kavu. Kamanda wao, Spicer-Simson, akaiona mizinga, akaogopa, akageuza. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa mitumbwi. Jeshi lilipoingia ndani ya boma na kuigusa ile mizinga, likakuta ni ya mbao.