Mshumaa, Giza na Joho la Mtoto

Usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto wengi wa Marekani huvaa vinyago na majoho ya kutisha, wakipita nyumba hadi nyumba kuomba peremende. Sikukuu hiyo huitwa Halloween. Mwenye nyumba hukomba boga, hulichonga uso, hutia mshumaa ndani yake na kuliweka mlangoni. Hapo ndipo penye hatari, maana pindo la joho hupita karibu na mwali.

Kitambaa chepesi kinachoning'inia huungua upesi kuliko kilicholazwa. Hewa ya moto hupanda. Kwa hiyo mwali ulioshika pindo hukipasha joto kitambaa kilicho juu yake kabla ya kukifikia, na hewa safi hukizunguka pande zote mbili. Nailoni na poliesta huyeyuka na kunata mwilini. Mwaka 1953 Marekani ilitunga sheria ya vitambaa vinavyoshika moto, baada ya watoto kuungua wakiwa na mavazi ya mchezo ya wachunga ng'ombe. Lakini shuka lililotobolewa matundu nyumbani halikaguliwi na mtu. Taa ndogo ya betri ndani ya boga ni bora, na uzuri haupungui sana.

Kuna na giza. Jicho lililotoka penye mwangaza huhitaji kama nusu saa kulizoea kikamilifu, tena kinyago huziba pembe za macho. Basi ngazi zimulikwe, na mpira wa kumwagilia bustani uondolewe njiani. Taa kali isielekezwe usoni pa mtoto, kwani hulirudisha jicho lake mwanzo.