Albamu Zimerudi, Mnunuzi Hajarudi

Baada ya zama za kaseti, kwa miaka mingi Bongo Fleva iliishi kwa wimbo mmoja mmoja. Msanii alirekodi singo, akapiga video, akaipeleka redioni, kisha akasubiri simu za mapromota. Mwaka 2018 Diamond Platnumz alizindua A Boy from Tandale, na tangu hapo hakuna staa anayetaka kuonekana hana albamu. Harmonize amefululiza kutoka Afro East (2020) hadi Muziki wa Samia (2024). Alikiba alikuja na Only One King (2021), Mbosso na Definition of Love, Marioo na The Kid You Know halafu The God Son, na Zuchu akaufunga mwaka 2024 kwa Peace and Money. Mitaani tunabishana ipi kali. Kwangu mimi kuna swali linalotangulia ubishi huo: albamu zote hizi anauziwa nani?

Zama za kaseti jibu lilikuwa wazi. Msanii alibeba masta yake hadi kwa msambazaji Kariakoo, wakapatana bei. Msambazaji akachapa kava, akadurufu kaseti, na mabasi yakazifikisha mikoani. Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay ni zao la zama hizo. Mapatano yale yaliwanyonya wasanii wengi, kwani waliuza kazi kwa malipo ya mara moja, na idadi ya kaseti zilizotoka aliijua msambazaji peke yake. Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu 1999, na COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, ikafuata, lakini vibanda vya kudurufu vilikuwa na kasi kuliko sheria. Pamoja na maovu hayo yote, kulikuwa na bidhaa ya kushikika, na kulikuwa na mtu aliyetoa hela yake kwa ajili ya albamu nzima.

Mtu huyo leo haonekani. Anayesikiliza Boomplay, Audiomack au YouTube bila kujiunga kwa malipo hununua bando, na hela ya bando huishia kwa kampuni ya simu. Anayetaka kupakua bure anayo Mdundo ya Nairobi, inayoendeshwa kwa matangazo. Spotify iliingia Kenya, Tanzania na Uganda Februari 2021, lakini tangu 2024 wimbo ambao haukufikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi. Takwimu za IFPI, shirikisho la kampuni za muziki duniani, zinaumiza zaidi: mwaka 2024 muziki uliorekodiwa uliingiza dola bilioni 29.6 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ilipata dola milioni 110 tu. Karibu robo tatu ya fungu hilo ni la Afrika Kusini. Kinachobaki ndicho wanachogawana Nigeria, Ghana, Kenya, Tanzania na wengine wote.

Kwa hiyo albamu za sasa hulenga kingine: shoo, mikataba ya matangazo, na mazungumzo na lebo za nje. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini zinasikika hivyo. Nyimbo huwa nyingi, kwa kuwa kila wimbo una nafasi yake ya kuvuma. Wageni nao hujaa, kwa kuwa kila mgeni huja na mashabiki wa kwao. Only One King ina Rudeboy na Mayorkun wa Nigeria, Sarkodie wa Ghana, Blaq Diamond wa Afrika Kusini, na Wakenya Sauti Sol, Nyashinski na Khaligraph Jones. Kama mpango wa kuingia masoko, ni kazi ya akili. Kama muziki, Alikiba ananikuna zaidi anapoachiwa melodi yake ya mwambao aivute peke yake, na kila mgeni anampunguzia nafasi hiyo. Afro East ina tatizo hilohilo, tena ilizinduliwa Machi 2020, mwezi ambao Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19.

Sauti Sol nao walipata pigo la Uviko-19. Midnight Train ilitoka Juni 2020 wakiwa na Universal Music Africa, na naiona kuwa kati ya albamu za pop zilizoundwa vizuri kabisa ukanda huu: sauti zimepangika, nyimbo zinafuatana kwa mantiki. Lakini ilitegemea majukwaa, na majukwaa yalikuwa yamefungwa.

Tofauti kubwa iko kwenye singeli, muziki ambao wengi wa mjini waliudharau kuwa wa vigodoro, sherehe za mitaani za usiku kucha. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Zikafuata Poaa ya Bamba Pana, Mateso ya Sisso, Tatizo Pesa ya Jay Mitta, na mwaka 2024 Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko. Hakuna staa mgeni humo. Kuna kinanda kinachokimbizana na ngoma kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, bila kuomba radhi. Singeli Ya Maajabu inachosha ukiisikiliza ukiwa umekaa, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Wakati huohuo lebo imepata wanunuzi wa santuri Ulaya, ambako santuri moja huuzwa euro 20 na zaidi. Mnunuzi mmoja wa namna hiyo anazidi maelfu ya wanaobonyeza na kupita. Bongo Fleva, pamoja na bajeti zake zote, haijamtafuta mtu huyu.

Taarab nayo ina hesabu zake za zamani. Kaseti ya taarab ya kisasa ilikuwa na nyimbo chache, ndefu, na hela ilipatikana ukumbini, kina mama wanapoinuka na noti kumtuza mwimbaji aliyewasemea la moyoni. Rekodi ilitangaza shoo, na hakuna aliyejidanganya vinginevyo. Kule Zanzibar, Siti and the Band walitoa Fusing the Roots (2018), albamu iliyotulia, yenye udi na kanuni vinavyosikika kila uzi, na inayofaa jukwaa lolote la tamasha.

Zuchu amesimama katikati ya Bongo Fleva na taarab. Ni binti wa mwimbaji wa taarab Khadija Kopa, na kwenye EP yake ya kwanza mwaka 2020 waliimba pamoja Mauzauza, wimbo ambao bado nauweka mbele ya mengi aliyoyafanya baadaye. Peace and Money ni safi na imetengenezwa kwa gharama, ila inakimbilia midundo ya watu wengine wakati ukumbi wa mama yake, wenye wasikilizaji wanaotoa hela mkononi, uko wazi kwake kuliko kwa msanii yeyote wa rika lake.