Plagi ya Moto na Plagi ya Baridi: Somo la Mpitisho wa Joto katika Injini ya Turbo

Mafundi wa magari wana maneno mawili ambayo, yakiingia darasani bila kufafanuliwa, humpotosha mwanafunzi kwa muda mrefu. Husema kwamba plagi hii ni ya moto na ile ni ya baridi. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba plagi ya moto hutoa cheche kali na ya baridi hutoa cheche dhaifu. Na kwa kuwa kila mwenye gari angependa cheche kali, huichagua ile ya moto. Dhana hiyo si sahihi hata kidogo. Maneno hayo hayahusu cheche. Yanahusu wepesi wa plagi kuliondoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka katika kichwa cha silinda.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuchagua plagi zinazolifaa gari la zamani lenye turbo, na jinsi mwalimu wa sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi anavyoweza kulitumia jambo hilo kufundishia mpitisho wa joto. Tumechagua turbo kwa makusudi. Katika injini ya kawaida plagi isiyofaa mara nyingi huleta moshi mweusi na gari kukosa nguvu. Katika injini ya turbo huweza kutoboa pistoni.

Yafaa kwanza tuitazame plagi yenyewe. Katikati yake umo waya mnene, nao umezungukwa na kauri nyeupe ambayo ni kihami cha umeme. Nje ya kauri lipo ganda la chuma lenye hesi, ambalo hufungwa katika kichwa cha silinda. Sehemu ya kauri inayochungulia ndani ya chumba cha kuchomea tutaiita pua. Joto linaloipata pua halina njia kubwa ya kutokea ila moja: hupanda ndani ya kauri na waya mpaka pale kauri inapogusana na ganda, kisha huvuka kuingia katika kichwa cha silinda kinachopozwa na maji. Pua ikiwa ndefu, safari ya joto huwa ndefu, na ncha hubaki na joto jingi. Hiyo ndiyo plagi ya moto. Pua ikiwa fupi, joto hufika upesi kwenye ganda. Hiyo ndiyo plagi ya baridi.

Ncha ya pua hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi, kwa makadirio. Chini ya 450 masizi hayaungui, hujikusanya juu ya kauri, na umeme hupita katika masizi hayo badala ya kuruka mwanya. Juu ya 850 ncha yenyewe hugeuka kuwa kaa la moto, nayo huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla cheche haijatolewa. Pistoni ingali inapanda, mlipuko unaisukuma kurudi chini. Pistoni hutengenezwa kwa aloi ya alumini, na alumini tupu huyeyuka kwa nyuzi 660. Hapo mwanafunzi makini atauliza: ikiwa ncha ya plagi huvuka nyuzi 660 kila siku, mbona pistoni haiyeyuki? Swali hilo lisipitwe. Jibu lake ni lile lile la plagi: pistoni hudumu kwa sababu joto lake huondolewa upesi kupitia ringi, kuta za silinda na oili.

Sasa tuitie turbo. Hiki ni chombo chenye mapangaboi mawili yaliyoshikwa na mhimili mmoja. La kwanza huzungushwa na moshi unaotoka katika injini. La pili husukuma hewa kwa nguvu kuiingiza katika silinda. Tuchukue turbo inayoongeza kanieneo kwa bar 0.7. Kanieneo ya angahewa usawa wa bahari ni karibu bar 1. Kwa hiyo inayoingia katika injini ni 1.7. Kama halijoto ya hewa isingebadilika, silinda ingepokea hewa zaidi kwa asilimia 70, na petroli ingeongezwa kwa kiasi hicho. Kwa kweli hewa inayoshindiliwa hupata moto, kwa hiyo ongezeko huwa pungufu ya hapo. Hata hivyo plagi ni ile ile moja, na joto linaloiangukia limezidi sana.

Mfano mzuri ni Saab 900, gari la Uswidi lililotolewa mwaka 1978. Injini yake ya vali 16, yenye ujazo wa sentimeta za ujazo 1,985, ilitengenezwa yenye turbo na isiyo na turbo. Kwa hesabu ya NGK, kampuni ya Japani, isiyo na turbo huwekewa plagi ya daraja la 6, na yenye turbo daraja la 7, ambayo ni ya baridi zaidi. Daraja moja hupunguza joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100 hivi.

Hapa ndipo penye mtego, nasi tungependa mwanachuo apazingatie kuliko mahali pengine pote. Kwa NGK namba ikipanda, plagi ni ya baridi zaidi. Denso nao hufuata mwendo huo. Kwa Bosch wa Ujerumani na Champion wa Marekani namba ikipanda, plagi ni ya moto zaidi. Isitoshe, Bosch wenyewe zamani waliandika namba kama 175 na 225, ambazo kubwa yake ndiyo iliyokuwa baridi, kisha wakaugeuza utaratibu. Mtu aliyekariri kwamba "namba kubwa ni baridi" atainunua Bosch ya 8 mahali pa Bosch ya 6, naye ataondoka dukani akiamini kwamba ameilinda injini yake. Aliyeelewa njia ya joto atalitazama jedwali la kulinganishia namba, au atazigeuza plagi mbili za kampuni moja na kuzilinganisha pua.

Jambo la pili ni mwanya. Cheche huruka kwa shida zaidi katika hewa iliyoshindiliwa, na kadiri mwanya ulivyo mpana ndivyo volti zinazohitajika zinavyozidi. Magari ya zamani yana koili moja na distribyuta, ambavyo haviwezi kutoa volti nyingi kama mitambo ya siku hizi. Kwa sababu hiyo Saab 900 Turbo hutakiwa mwanya wa milimeta 0.6 hadi 0.7, ilhali plagi nyingi mpya za NGK zenye alama ya -11 huja na mwanya wa milimeta 1.1. Ukizifunga kama zilivyo, injini itanguruma vizuri ikiwa imesimama, kisha itakosa kuwaka mara turbo inapoanza kusukuma. Wengi hulaumu petroli.

Kuhusu madini, tuseme kwa ufupi. Plagi iitwayo ya shaba haina ncha ya shaba. Ncha yake ni aloi ya nikeli, na shaba imo ndani kwa ajili ya kupitisha joto. Platini na iridiamu hudumu muda mrefu zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Kwa gari la zamani ambalo plagi zake hufunguliwa mara kwa mara, sisi tunaona nikeli inatosha, mradi daraja na mwanya viwe sawa. Urefu wa hesi nao usibadilishwe kamwe: hesi ndefu kupita kiasi huweza kugongwa na pistoni.

Darasani zana si taabu kuzipata, maana gereji hutupa plagi zilizochakaa. Mwalimu aombe za aina mbalimbali, azisugue mwenyewe kwa brashi ya waya nje ya darasa, na wanafunzi wanawe mikono baada ya kuzishika. Plagi za miaka mingi huenda zina mabaki ya risasi, kwani katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa mpaka ilipokomeshwa mwanzoni mwa 2006. Asijaribu kuwaonyesha cheche kwa koili ya gari. Volti zake ni maelfu kwa maelfu.

Badala yake achukue misumari miwili ya inchi sita. Mmoja aufunge kitambaa kilicholowa maji ili ncha ibaki nje kwa sentimeta 3. Wa pili ibaki nje kwa sentimeta 10. Ncha zote mbili azipashe moto wa mshumaa kwa muda ulio sawa, kisha kila moja aigusishe kwenye kipande cha nta. Wanafunzi wakae mbali na moto, watabiri kwanza ni ncha ipi itakayozama zaidi, na waandike sababu kabla ya kuona. Kitambaa ni kichwa cha silinda. Sehemu iliyo nje ni pua. Mwalimu alijaribu zoezi hili peke yake siku moja kabla, kwa sababu kitambaa kikikauka mapema matokeo huharibika.

Mwishoni mwa kipindi twapendekeza swali hili liandikwe ubaoni: "Gari lenye turbo hutumia plagi ya Bosch namba 6. Dukani zipo Bosch namba 5, Bosch namba 8 na NGK namba 6, zote za urefu mmoja na hesi moja. Kati ya Bosch hizo mbili, ipi ni hatari kwa gari linalopanda mlima likiwa na mzigo? Je, NGK yaweza kuhukumiwa kwa namba yake peke yake?" Anayejibu "namba 8" bila kuitaja pua ya kauri na safari ya joto apewe nusu ya alama, kisha aombwe kuichora plagi hiyo kwa mishale.