Hatua za Kuandika Jibu la Insha Katika Karatasi ya Fasihi

Kila mwaka mimi husahihisha majibu ya watahiniwa wanaokijua kitabu vizuri lakini wanapata alama 7 au 8 kati ya 20. Tatizo lao ni kwamba huanza kuandika kabla ya kulielewa swali na kuyapanga wanayoyajua.

Karatasi ya 3 ya KCSE hukutaka ujibu maswali manne, kila moja alama 20, kwa muda wa saa mbili unusu. Hivyo una takriban dakika 37 kwa kila swali. Zigawe hivi: dakika 3 za kulisoma swali, dakika 8 za kukusanya hoja na kuzipanga, dakika 22 za kuandika, na dakika 4 za kupitia.

Tutumie swali hili kama kielelezo:

Eleza jinsi utawala wa Majoka unavyowakandamiza Wanasagamoyo katika tamthilia ya Kigogo. (alama 20)

Hatua ya 1: Kulichanganua swali

Pigia mstari maneno yanayolitawala swali: eleza, jinsi, utawala, unavyowakandamiza. Swali hili haliulizi sifa za Majoka, wala haliulizi jinsi Tunu anavyopambana naye. Linauliza njia ambazo utawala unazitumia kuwaumiza raia. Ukikosea hapa, hata mwandiko mzuri hautakuokoa.

Hatua ya 2: Kukusanya hoja

Orodhesha upesi kila unachokumbuka, bila kujali mpangilio. Hapa ndipo wengi wa wanafunzi wangu wa Kibera na Kawangware hujikwaa, na si kwa uvivu. Mnakijua kitabu hiki kwa macho yenu.

Julai 2018, nyumba na shule zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Muda mfupi baadaye, mwanafunzi wangu mmoja alijibu swali linalofanana na hili. Aliandika kurasa mbili kuhusu matingatinga, na kuhusu mama aliyekuwa akiokoa mabati yake huku watoto wakilia. Nilipomrudishia jibu likiwa na alama 4, aliniuliza, "Mwalimu, kwani nimesema uongo?"

La, hakusema uongo. Lakini mtahini hutuza kilichomo kitabuni. Nilimwambia, "Mama huyo uliyemwona, mtafute Sagamoyo." Akarudi kitabuni na kumpata Ashua, muuza maembe ambaye soko lake limefungwa. Tangu siku hiyo nimewaambia wanafunzi wote: uliyoyaona mtaani yakusaidie kuelewa, kitabu kikusaidie kuthibitisha.

Najua pia kwamba baadhi yenu mnatumia nakala moja watu watano, na jioni zamu yako ikifika, taa imezimwa. Basi weka daftari la ushahidi. Kila unapokipata kitabu, andika mambo matatu: tukio, mhusika, na jambo ambalo tukio hilo linathibitisha. Kitabu kikienda kwa mwenzako, daftari linabaki nawe.

Hatua ya 3: Kupanga

Sasa chuja orodha yako. Mara nyingi hoja moja iliyoelezwa vizuri hutuzwa alama 2, kwa hivyo lenga hoja kumi. Mpango wa swali letu unaweza kuanza hivi:

1. Kufunga soko – Chapakazi, riziki ya raia
2. Kuwatoza kodi bila kuwahudumia – taka hazizolewi sokoni
3. Kuruhusu pombe haramu – Mamapima
4. Kuwashambulia watetezi wa haki – Tunu anaumizwa mguu
5. Kuwaangamiza wapinzani – Jabali

Endelea hadi hoja ya kumi. Ukigundua kwamba hoja mbili zinasema jambo lile lile, ziunganishe. Mtahini hatuzi hoja moja mara mbili.

Hatua ya 4: Kuandika

Kila hoja iwe na aya yake, na kila aya iwe na mambo matatu: hoja yenyewe, maelezo, na mfano kutoka kitabuni. Linganisha aya hizi mbili.

Aya ya kwanza: Majoka ni kiongozi mbaya sana. Anafunga soko na watu wanateseka. Viongozi kama hawa wapo hata siku hizi.

Aya ya pili: Utawala wa Majoka unawanyima raia riziki. Soko la Chapakazi, ambalo ndilo tegemeo la wengi, linafungwa huku Majoka akinuia kujenga hoteli ya kifahari mahali hapo. Ashua anakosa cha kuwalisha watoto wake na inambidi aende kwa Majoka mwenyewe kuomba msaada.

Aya ya kwanza inalalamika. Ya pili inajibu swali, inataja mahali, inamtaja mhusika na kuonyesha alivyoathirika. Angalia pia kwamba haisimulii mchezo mzima. Chukua sehemu inayothibitisha hoja yako, kisha uende kwenye hoja inayofuata.

Hatua ya 5: Kupitia

Usiziibe dakika hizi nne. Soma kila aya ukijiuliza: Je, inajibu swali? Ina mfano? Majina ya wahusika na mahali ni sahihi? Mtahiniwa anayeandika Sudi mahali pa Boza amemkosesha mtahini njia ya kumpa alama. Sahihisha kwa kukata neno kwa mstari mmoja, kisha andika lililo sahihi.

Tanbihi: Hatua hizi huwa ngumu mara ya kwanza. Ukizifanyia mazoezi mara moja kwa wiki, kufikia siku ya mtihani mkono wako utakuwa umezizoea.

Zoezi

Kamilisha mpango ulio katika Hatua ya 3 hadi ufikie hoja kumi. Kisha andika jibu kamili kwa dakika 37 bila kufungua kitabu. Badilishana na mwenzako, na kila mmoja apigie mstari mifano ya mwenzake. Aya isiyo na mstari iandikwe upya.