Wandegeya: Mnyonge Atapata Wapi Paa?

Jina la Wandegeya latokana na endegeya, ndivyo Waganda wamwitavyo mnana, ndege ambaye zamani alisuka viota vyake kwa wingi mahali hapo. Kitongoji hicho cha Kampala kipo baina ya vilima vya Makerere na Mulago, karibu na Chuo Kikuu na hospitali kuu ya taifa. Basi wengi hupenda kukaa hapo, na kila apendaye kukaa hutafuta chumba.

Asiyemudu kodi ya barabarani huteremka bondeni Katanga. Huko huishi wachuuzi, mafundi, wafuaji nguo na akina mama wapikao chakula cha kuuza. Aghalabu makazi yao ni chumba kimoja katika safu ya vyumba vilivyoshikana. Waganda hukiita muzigo, na masikio ya Mswahili hayatakosea sana yakisikia mzigo. Pazia hutenga kitanda na sebule, jiko la makaa hukaa mlangoni, na choo ni cha jirani wote. Mvua inyeshapo, maji ya vilima vyote viwili huteremkia bondeni.

SERIKALI ILIPOKUWA MWENYE NYUMBA

Hali haikuwa hivi kwa kila mfanyakazi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za kupangisha wafanyakazi Waafrika huko Nakawa na Naguru. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, Uganda iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, nalo likasimamisha majumba ya ghorofa Bugolobi, Bukoto na hapa hapa Wandegeya.

Mwaka 1992 mkakati wa taifa wa makazi uliigeuza njia hiyo: serikali iwe mwezeshaji, si mjenzi. Nyumba za umma zikauzwa, aghalabu kwa wale waliokuwa wakizikaa, na sheria ya mwaka 2001 ikaruhusu kila sehemu ya jengo la ghorofa kuwa na hati yake. Waliokuwamo walipata mali, na hilo si jambo dogo. Lakini muuguzi au mfagizi aliyekuja nyuma yao hakukuta tena nyumba ya umma ya kupanga.

Nakawa na Naguru kisa chake ni kichungu zaidi. Mwaka 2011 wapangaji walihamishwa na nyumba zikabomolewa ili ujengwe mji mpya, ambamo wapangaji wa zamani waliahidiwa nafasi. Mji huo haukujengwa kama ulivyoahidiwa.

WASIO NA HATA CHUMBA

Wapo pia watoto walalao barazani mwa maduka. Serikali inacho kituo cha Kampiringisa, wilayani Mpigi, ambako watoto waondolewao mitaani wamekuwa wakipelekwa. Mwaka 2019 Kampala ilipitisha sheria ndogo inayokataza hata kumpa mtoto wa mitaani fedha au chakula. Nia yake ni kuwaziba wanaowatumia watoto kuomba. Hata hivyo, mtoto huondoka barabarani kwa kudumu pale tu anapokuwa na nyumba ya kurudia. Anayerudishwa kwa mama asiyeweza kulipa kodi atakuwa barazani tena kabla ya mwezi kwisha.

MPANGAJI, IJUE HAKI YAKO

Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 imeleta nafuu. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kodi isipandishwe kupita asilimia 10 kwa mwaka. Dhamana anayoitaka mwenye nyumba isizidi kodi ya mwezi mmoja.

Mkataba wa maandishi, hata hivyo, ni lazima pale kodi ifikapo shilingi 500,000. Mpangaji wa muzigo hulipa chini ya hapo, naye ndiye ahitajiye ushahidi zaidi. Kwa hiyo, mama, usitegemee maneno matupu. Andikianeni japo ukurasa mmoja mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Dai stakabadhi kila ulipapo, na uihifadhi mahali pasipofikiwa na maji.

Lakini sheria humlinda aliyekwisha kupata chumba. Haijengi chumba kipya. Wandegeya penyewe pana funzo. Serikali ilikopa kwa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikajenga soko la ghorofa pale palipokuwa na vibanda. Ikiwa fedha za umma ziliweza kumpa mchuuzi mahali pa kuuzia nyanya zake, zaweza pia kumpa mahali pa kulala kwa kodi anayoimudu. Jambo hilo liulizwe katika mikutano ya mitaa, na waulizwe madiwani na wabunge kila wajapo kuomba kura, hadi jibu lake lionekane katika bajeti.