Sura ya Tano: Pigo Linaanzia Mguuni

Mpe kijana wa miaka kumi na sita gongo la besiboli katika uwanja wowote wa shule kati ya Awendo na Mbita, umwambie autandike mpira uende mbali kadiri awezavyo. Atafanya lile ambalo karibu kila anayeanza hulifanya, awe Migori au Chicago. Atalikamata gongo kwa nguvu zote, atakaza mabega, ataikita miguu chini isisogee, kisha atavuta kwa mikono pekee. Mpira, akibahatika kuupata, utadunda hatua chache mbele yake na kusimama. Wenzake watasema hana nguvu. Mwalimu atamshauri akainue vyuma mikono inenepe.

Wote wamekosea, na kosa lao ndilo lililoifanya sura hii iandikwe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gongo la mtu mzima lina uzito wa karibu gramu 900. Kwa mpigaji mahiri, sehemu yake nene hutoka karibu na sifuri hadi mita 31 kwa sekunde, yaani kilomita 110 na ushei kwa saa, ndani ya sekunde 0.15 hivi. Kulifikisha gongo peke yake kwenye kasi hiyo kunahitaji zaidi ya wati 2,000, na hapo mikono na kiwiliwili vinavyosogea pamoja nalo havijahesabiwa. Misuli ya mikono miwili haiwezi kutoa nguvu kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo. Robert Adair, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Yale, alilionyesha jambo hili katika kitabu chake kuhusu fizikia ya besiboli kilichotoka mwaka 1990. Misuli inayoweza ni ya mapaja na makalio, ambayo ni mikubwa kuliko yote mwilini, ila iko mbali na gongo. Swali zima la pigo kali, basi, ni namna ya kuisafirisha nguvu kutoka huko chini hadi mikononi bila kuimwaga njiani.

Safari hiyo ina vituo vinne: mguu, nyonga, mabega, mikono. Mpangilio wake ulipimwa vizuri katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995. Mpigaji huegemea mguu wa nyuma kwanza, kisha hupiga hatua fupi kumwelekea mrushaji. Mguu wa mbele unapokita, huisukuma ardhi kwa nguvu inayofikia asilimia 123 ya uzito wa mwili wake, nayo ardhi humrudishia msukumo uleule. Nyonga hugeuka, na kasi yake hufikia nyuzi 714 kwa sekunde. Mabega huchelewa kidogo, kisha huzipita nyonga kwa nyuzi 937 kwa sekunde. Mikono hufuata kwa kasi zaidi, na gongo huja mwisho likiwa na kasi kuliko vyote.

Neno la kuzingatia hapo ni kuchelewa. Nyonga zinapoanza kugeuka huku mabega yangali nyuma, misuli ya tumbo na mgongo hunyooshwa ikiwa imekaza, na misuli iliyonyooshwa hivyo hujibu kwa nguvu kubwa zaidi. Halafu nyonga hupunguza mwendo, na mwendo ule huhamia kwenye kiwiliwili chepesi kilicho juu yake, ambacho nacho hupunguza na kuikabidhi mikono. Anayegeuza kila kitu kwa pamoja, nyonga, mabega na mikono kwa mpigo mmoja, amevunja mnyororo huo. Anaweza kuwa na kifua cha mbeba mizigo wa gatini Homa Bay na bado akapitwa na msichana mwembamba anayejua kusubiri.

Watu wa kaunti za Migori na Homa Bay wanaujua mnyororo huu mwilini hata kama hawajawahi kuuita kwa jina. Mtazame mzoefu akiangusha mkaratusi kwa shoka huko Ndhiwa. Havuti kwa mikono. Anapiga hatua, kiuno kinatangulia, mabega yanafuata, na shoka linakuja mwisho, nalo linazama. Mgeni wa kazi hiyo huchoka viwiko kabla shina halijafika nusu. Na kabla ya uwanja wa shule kuwepo, wavulana wa Kijaluo walikuwa na adhula, mchezo wa kugombania mpira kwa fimbo zilizopinda, ambao nao haukumpa nafasi yoyote aliyepiga kwa mikono mitupu.

Shoka, hata hivyo, limezaa ushauri mmoja mbaya: “Piga kuelekea chini, kama unayekata kuni.” Makocha wengi wa besiboli duniani walifundisha hivyo kwa miongo. Mrushaji husimama juu ya kijilima, na mpira humfikia mpigaji ukiwa unashuka. Gongo linaloshuka hukutana na mpira unaoshuka kwa nukta moja tu ya muda. Likikosea kidogo, mpira unagongwa kichwani na kuzikwa ardhini. Gongo linalopanda nyuzi chache hubaki kwenye njia ya mpira kwa muda mrefu zaidi. Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa katika historia ya Marekani, aliliandika hilo waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ilichukua zaidi ya miaka arobaini kabla ya vipimo vya rada na kamera kuwalazimisha makocha kumsikiliza.

Kabla ya kufika mikononi, yafaa kushughulikia dhana inayoizuia mikoa mizima kufundishwa vizuri: kwamba nguvu ya pigo imo ndani ya kifaa, au ndani ya kilichopakwa kwenye kifaa.

Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ina jina la Gor wa Kanyamwa, mganga mashuhuri wa upande wa Ndhiwa, Homa Bay, ambaye simulizi zinasema aliweza kujigeuza apendavyo. Jina hilo ni urithi wa watu na linastahili heshima yake. Lakini kutoka kwenye simulizi hadi kumpaka kijana bilo, dawa ya uganga, kabla ya mechi ni kumnyang’anya muda ambao angeutumia kujifunza kugeuza nyonga. Dawa haiongezi gramu kwenye gongo wala haipunguzi sekunde kwenye pigo. Wala wasicheke walio mijini na vikuku vyao vya mpira. Kampuni ya Power Balance iliviuza duniani kote kwa madai kwamba vinaongeza nguvu na mizani ya mwili, wanamichezo maarufu wakavivaa, na mwishoni mwa mwaka 2010 mamlaka ya kulinda watumiaji nchini Australia ikaifanya ikiri kwamba haikuwa na ushahidi wa kisayansi unaoaminika. Kikuku kile na bilo ni biashara moja.

Kuna pia pete nzito ya chuma ambayo wapigaji huivisha gongo wakati wa kupasha mwili moto. Ukiivua, gongo huonekana jepesi, na mpigaji huamini amepata kasi. Vipimo vilivyoanza kuchapishwa miaka ya 1990 vilionyesha kinyume: baada ya gongo zito mno, pigo linalofuata huwa la polepole. Wepesi anaousikia umo kwenye hisia tu.

Kati ya hadithi zote za kifaa chenye nguvu, hakuna inayosimuliwa Kenya kama ile ya tarehe 4 Oktoba 1996 katika uwanja wa Nairobi Gymkhana. Ni ya kriketi, lakini fizikia haibagui, nayo inastahili nafasi yake hapa. Pakistan walikuwa wakicheza na Sri Lanka. Shahid Afridi, kijana wa Pakistan ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kupiga katika mechi ya kimataifa ya siku moja, alitumwa kuingia wa tatu. Alifikisha mikimbio mia moja kwa mipira 37 tu, rekodi iliyodumu hadi siku ya kwanza ya mwaka 2014. Mara kumi na moja mpira ulivuka mpaka bila kugusa chini, yaani pigo la sita. Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka, mmoja wa mashujaa wa Kombe la Dunia la mwaka huohuo, alipigwa mikimbio 94 katika ova zake kumi, yaani zamu zake za kurusha.

Msimuliaji akifika hapo hushusha sauti na kutoa siri: gongo lilikuwa la Sachin Tendulkar, mpigaji nyota wa India. Ni kweli. Tendulkar alikuwa amempa Waqar Younis wa Pakistan gongo hilo alipeleke Sialkot, mji wa mafundi wa vifaa vya michezo, litengenezwe jingine la mfano wake, na kabla halijafika huko likaangukia mikononi mwa Afridi. Basi watu wanahitimisha kwamba gongo ndilo lililofanya kazi.

Hitimisho hilo haliwezi kusimama. Afridi aliendelea kucheza mechi za siku moja hadi mwaka 2015, kwa magongo mengine chungu nzima, na alimaliza akiwa na mapigo ya sita 351, mengi kuliko mtu yeyote kabla yake. Kama siri ilikuwa kwenye gongo la Tendulkar, yale 340 yaliyobaki yalitoka wapi? Alichokuwa nacho siku zote ni kasi ya gongo, iwe lake au la kuazima, na ujasiri wa kulizungusha kikamilifu kila mara. Ukitafuta msaidizi wa kweli siku ile, utafute hewani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira hausumbuliwi sana ukiruka. Denver, mji wa Marekani wenye kimo kama hicho, unajulikana kwa sababu hiyohiyo.

Na hapa Migori na Homa Bay zinaingia tena. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa karibu asilimia kumi kuliko ya Mombasa. Pigo lilelile litakwenda mita kadhaa zaidi Homa Bay kuliko Pwani. Wanaosema unyevu wa ziwa hufanya hewa iwe nzito na kuukamata mpira wameligeuza jambo. Molekuli ya mvuke wa maji ni nyepesi kuliko ya naitrojeni au oksijeni, kwa hiyo hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Mzito ni jasho shingoni mwa mchezaji.

Sasa mikono. Kosa kubwa kuliko yote linahusu kinachotokea gongo likigusana na mpira. Wachezaji huambiwa wakaze vidole wakati huohuo, wausukume mpira, wazungushe vifundo vya mikono. Mguso wenyewe haufiki milisekunde moja. Hudumu kama 0.7. Mpira hubonyea, gongo hupinda kidogo, na mtetemo huanza kusafiri kuelekea mpinini. Kufikia wakati mtetemo umefika mikononi na kurudi, mpira umeshaondoka. Maana yake ni nzito: kwa muda wote wa mguso, gongo halijui kama limeshikwa. Alan Nathan, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Illinois, ameonyesha kwamba lingeweza kuwa limeachiliwa sekunde hiyo na mpira ungeruka kwa kasi ileile. Kila kilichoweza kufanywa na mwili kilifanywa kabla. Kuzungusha vifundo huonekana kwenye picha kwa sababu mikono haina budi kujikunja baada ya pigo. Ni matokeo yake, na anayelazimisha mapema analitoa gongo kwenye njia yake.

Nathan huyohuyo ametoa kanuni ambayo kila kocha angeiandika ukutani. Kwa gongo la mbao likigonga mahali pake pazuri, kasi ya mpira unaotoka ni takriban asilimia 20 ya kasi ya mpira uliorushwa, ukijumlisha asilimia 120 ya kasi ya gongo. Mpira uje kwa kilomita 140 kwa saa, gongo liende 110: mpira utatoka kwa 160. Mrushaji akiongeza kilomita kumi, wewe unapata mbili. Ukiongeza kumi kwenye gongo, unapata kumi na mbili. Hivyo ndivyo inavyokufa dhana kwamba mrushaji mkali ndiye anayempa mpigaji nguvu.

Kasi peke yake haitoshi, na vipimo vya ligi kuu ya Marekani vilivyowekwa wazi mwaka 2024 vinalithibitisha. Mpigaji Giancarlo Stanton huzungusha gongo kwa wastani wa kilomita 130 kwa saa. Luis Arraez wa Venezuela hulizungusha kwa karibu 100, miongoni mwa wa polepole kuliko wote, na bado aliongoza ligi aliyokuwemo, moja kati ya mbili zinazounda ligi kuu, kwa wastani wa upigaji miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024, kwa sababu huukuta mpira karibu kila mara. Kijana afundishwe kuupata mpira, na mnyororo wa nyonga ujengwe pamoja na hilo tangu siku ya kwanza.

Kwamba linawezekana Afrika Mashariki si ndoto. Vijana wa Lugazi, mji wa miwa nchini Uganda kama ulivyo Awendo kwetu, walifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto, na wakawashinda Gresham wa Oregon 3–2. Mwaka 2015 Uganda ikaifunga Jamhuri ya Dominika, nchi inayozalisha wachezaji wa kulipwa kwa mamia. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers wakawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Kocha asiye na rada ana simu. Kamera ya kawaida huchukua picha 30 kwa sekunde, na gongo linalokwenda mita 30 kwa sekunde husogea mita nzima kati ya picha moja na nyingine. Mguso hauonekani kabisa. Kwenye mwendo wa picha 240, husogea sentimita 12 na nusu. Weka simu juu ya kiti upande wa mpigaji, weka kando yake fimbo yenye alama za sentimita, hesabu picha tangu mguu wa mbele ukite hadi gongo liguse mpira, na utazame kama nyonga zimetangulia mabega.