Lwiro: sokomutu wanakula feza ya nani?

Juu ya nini nyama wa pori wapewe matunda kila siku, wakati kuna watoto wa watu wanaolala njaa? Ni swali la haki, na ndani ya teritware ya Kabare, kaskazini mwa Bukavu, linagusa moja kwa moja kituo cha Lwiro.

Kituo hicho, CRPL, kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na kituo cha utafiti CRSN. Kinapokea sokomutu na kima ambao wawindaji waliwaulia mama. Mwindaji anauza nyama ya mama, kisha mtoto aliyebaki mzima anafungwa kamba na kutafutiwa mnunuzi. Biashara hiyo imekatazwa na sheria. ICCN wakimukamata mtoto, lazima kuwe mahali pa kumuweka. Kumurudisha porini hivi hivi haiwezekani: mtoto wa sokomutu ananyonya na kujifunza kwa mama yake miaka mingi, na kundi asilolizaliwa ndani linaweza kumuua.

Mzigo unaanza hapo. Sokomutu anayetunzwa vizuri anafika miaka 40, hata 50. Kituo kisichoua wala kuuza kinapomupokea mtoto wa miaka miwili, kimechukua deni ambalo wafanyakazi wa leo watastaafu bila kulimaliza. Na Lwiro wako zaidi ya 100, bila kuhesabu kima. Ndiyo maana katika vituo vya namna hii majike wanapewa dawa ya kuzuia uzazi. Tena, kituo hakinunui nyama hata kwa huruma: ukilipa mtoto mmoja, umemutuma mwindaji akaue mama mwingine.

Feza nyingi inatoka kwa wafadhili wa inje, mashirika na watu wa kawaida wanaotuma kidogo kidogo. Tuseme ukweli, picha ya mtoto anayenyonya biberoni ndiyo inafungua mifuko yao. Dume zee halivutii mtu, lakini ndilo linakula sana, na ni juu yake kunatakiwa waya wa umeme, chumba chenye vyuma na muganga wa wanyama. Feza iliyotolewa kwa sokomutu haiwezi kuhamishwa ijenge santre ya afya, mfadhili atauliza. Lakini inapofika Kabare, sehemu yake inanunua mavuno ya walimaji wa vijiji vya karibu na kulipa mishahara ya watu wa hapo.

Ubaya wa kutegemea michango ulionekana Februari 2025. M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha Bukavu, na benki zikafunga. Feza inaweza kuwa imetumwa lakini haina pa kutolewa. Kiwanda kinaweza kufunga mlango na kungoja. Sokomutu hawezi kungoja wiki mbili bila chakula, na huwezi kufungua lupango aende atafute mwenyewe katika mashamba ya watu.

Mwenye kuona mtoto wa sokomutu akiuzwa asimununue, hata kwa nia ya kumuokoa. Apashe ICCN habari. Asimubebe mikononi pia: kikohozi chetu kinaweza kumuua, na magonjwa yake nayo yanaweza kutuingia.